HAYATI KAMERLINGH ONNES, BINGWA WA BARIDI

Kila ifikapo mwezi wa Juni na Julai, vijana wa kidato cha kwanza waliotoka Pwani hulala na masweta mawili na kuyaogopa maji ya bomba kama nyoka. Huo ndio wakati mzuri kwa mwalimu wa fizikia wa hapa Iringa kuzungumza habari za baridi. Mimi niliutumia wakati huo miaka yote niliyoshika chaki. Basi Mhariri aliponiomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, sikuhangaika sana kutafuta. Wenzangu katika matoleo yaliyopita wamekwisha kuandika juu ya majemadari na viongozi wa nchi. Mimi nimemchagua mtu aliyekaa maabara maisha yake yote, akitafuta baridi.

Baridi yetu, hata ile ya Makete ambako asubuhi umande huganda juu ya majani ya viazi, ni joto kali ukiilinganisha na ile aliyoitafuta yeye. Wanafunzi wanajua kwamba joto halina mwisho unaojulikana kwa juu, lakini baridi ina sakafu. Sakafu hiyo iko nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi, na hakuna kitu kinachoweza kushuka chini yake. Wataalamu huhesabu kuanzia hapo kwenda juu, kwa kipimo cha Kelvin. Bwana huyu ndiye mtu wa kwanza kufika karibu kabisa na sakafu hiyo.

Heike Kamerlingh Onnes alizaliwa tarehe 21 Septemba 1853 katika mji wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kufyatua na kuchoma matofali na vigae. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuwa bingwa wa baridi alikulia karibu na tanuri. Ndugu yake Menso alikuwa mchoraji wa picha mwenye sifa, na ndugu mwingine, Onno, aliingia katika utumishi wa mambo ya biashara za nje. Msomaji amweke huyu Onno akilini, tutamhitaji.

Heike alisoma sekondari hapo hapo Groningen, katika shule ya aina mpya iliyotia mkazo sayansi na hesabu kuliko lugha za kale. Mkuu wa shule hiyo alikuwa mkemia, Bwana van Bemmelen, ambaye baadaye alikuwa profesa huko Leiden. Ubaya wa shule ile ni kwamba ilimbidi kijana ajifunze Kigiriki na Kilatini kwa ziada ili akubaliwe chuo kikuu. Aliingia Chuo Kikuu cha Groningen mwaka 1870, na mwaka uliofuata akapata nishani ya dhahabu katika mashindano ya insha ya sayansi yaliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Utrecht. Alikuwa na umri wa miaka 18.

Mwaka huo huo wa 1871 alikwenda Heidelberg, Ujerumani, kusoma kwa Bunsen na Kirchhoff. Hapa wanafunzi wetu wa sasa watatabasamu. Bunsen ni yule yule ambaye jina lake tumelitamka sote tulipoambiwa tuwashe jiko la maabara, na Kirchhoff ni yule mwenye sheria za mikondo ya umeme zinazowatoa jasho vijana wa kidato cha sita. Kamerlingh Onnes alifundishwa nao ana kwa ana. Shahada yake ya udaktari aliipata Groningen mwaka 1879, kwa kuonyesha njia mpya za kuthibitisha kwamba dunia inajizungusha, akitumia pendulamu. Mwaka 1882, akiwa bado hajatimiza miaka 30, aliteuliwa kuwa profesa wa fizikia huko Leiden.

Hotuba yake ya kwanza kule Leiden ilikuwa na shabaha moja: kwamba mtu hufika kwenye ujuzi kwa kupitia vipimo. Maneno haya aliyafanya kuwa kaulimbiu ya maabara yake. Yaonekana mepesi, lakini wakati ule maabara nyingi za fizikia zilikuwa chumba kimoja au viwili, profesa na msaidizi wake wakifanya jaribio la kuonyesha darasani na basi. Yeye alitaka maabara iwe kama karakana kubwa, yenye mitambo, mapampu na mafundi, kazi ikiendeshwa kwa ratiba na kila kipimo kikiandikwa daftarini. Mwaka 1885 alianzisha jarida la maabara yake, nalo lilitolewa kwa Kiingereza, kwa sababu alifahamu kwamba nje ya Uholanzi ni wachache wasomao Kiholanzi.

Na hapa ndipo ninapompendea zaidi bwana huyu. Aliona mapema kwamba profesa bila fundi ni kazi bure. Mwaka 1901 alianzisha shule ya kufundisha vijana utengenezaji wa vyombo vya sayansi. Vijana hao walivaa makoti ya buluu, wakafanya kazi mchana na kusoma jioni. Waliofuzu kwenye upulizaji wa vioo na uchongaji wa vyuma walienea Uholanzi nzima na ng'ambo. Fundi wake mkuu wa mitambo aliitwa Flim, na fundi wa vioo Kesselring. Majina haya mawili hayamo katika vitabu vya kidato cha nne, lakini bila mikono yao hakuna chochote katika masimulizi haya kingetokea. Profesa mwenyewe alikuwa mtu wa afya dhaifu tangu ujana, kifua kikimsumbua, na kazi nyingi za nguvu hakuziweza.

Shabaha yake ilikuwa kugeuza gesi kuwa majimaji. Mholanzi mwenzake, van der Waals, alikuwa ametoa nadharia iliyosema kwamba gesi zote hufuata kanuni moja, na kwamba ukijua tabia za gesi katika joto la kawaida unaweza kukisia ni katika baridi gani itageuka majimaji. Kamerlingh Onnes alitaka kuipima nadharia hiyo. Alianza kwa kujenga mtambo wa ngazi kwa ngazi: gesi moja ikigeuzwa majimaji hutumika kupoza ya pili, ya pili hupoza ya tatu, mpaka oksijeni ikapatikana ikichuruzika kama maji.

Mwaka 1895 kazi ilisimama. Baraza la mji lilisikia kwamba chini ya maabara kuna mitungi ya gesi iliyoshindiliwa kwa nguvu, likaingiwa na hofu. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Maabara ilijengwa mahali palipobomolewa tarehe 12 Januari 1807, wakati meli iliyojaa baruti ilipolipuka katikati ya mji na kuua watu wapatao 150. Wazee wa Leiden hawakuwa wamesahau. Mambo yalipelekwa kwenye tume, na ilichukua karibu miaka mitatu kabla hajaruhusiwa kuendelea. Katika muda huo Mskoti James Dewar, aliyekuwa akifanya kazi London, alimtangulia: mwaka 1898 aligeuza haidrojeni kuwa majimaji. Hata hivyo Dewar huyo huyo alikuwa amemwandikia barua ya kumtetea mbele ya wakubwa wa mji. Kushindana si kuoneana wivu siku zote.

Ikabaki heliamu peke yake. Gesi hii iligunduliwa kwanza katika mwanga wa jua mwaka 1868, na hapa duniani ilipatikana mwaka 1895 tu. Ilikuwa adimu kuliko dhahabu. Sasa msomaji amkumbuke Onno. Kwa nafasi yake katika mambo ya biashara za nje, alimpatia kaka yake shehena ya mchanga wa monazaiti kutoka Marekani. Mchanga huo ukipashwa joto hutoa heliamu kidogo kidogo. Wakemia wa maabara walikaa miezi wakichoma mchanga na kuisafisha gesi, mpaka zikapatikana lita mia kadhaa.

Tarehe 10 Julai 1908 kazi ilianza saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Mpaka saa saba na nusu mchana walikuwa wamepata lita 20 za haidrojeni ya majimaji. Ndipo heliamu ikaanza kuzungushwa ndani ya mtambo. Jioni ikaingia na hakuna kilichoonekana. Kipimajoto kilishuka, kikasimama mahali pamoja, kikakataa kwenda. Watu walianza kukata tamaa. Profesa mwenzao mmoja aliyekuwa amepita kutazama, Schreinemakers, akasema huenda kipimajoto kimesimama kwa sababu tayari kimezama katika majimaji, afadhali chombo kimulikwe kwa chini. Wakamulika. Ilikuwa yapata saa moja na nusu usiku. Uso wa heliamu ukaonekana, umenyooka kama ukingo wa kisu, ndani ya kioo. Wote pamoja ulikuwa ujazo wa sentimita 60 tu, kiasi cha kujaza kikombe kidogo cha kahawa. Baridi yake ilikuwa yapata nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwa miaka 15 iliyofuata, Leiden palikuwa mahali pekee duniani penye heliamu ya majimaji, mpaka Toronto, Kanada, walipoipata mwaka 1923.

Sasa mtu atauliza, baridi hiyo ni ya nini? Kamerlingh Onnes alikuwa na swali lililogawanya mabingwa. Umeme ukipita katika waya hupata ukinzani, na ndio maana pasi hupata moto. Ukiupoza waya, ukinzani hupungua. Je, ukiupoza hadi karibu na sakafu? Bwana Kelvin alidhani kwamba umeme wenyewe utaganda na ukinzani utaongezeka ajabu. Wengine walidhani utapungua hadi kiasi fulani kisha utabaki hapo. Profesa wetu alitegemea kwamba katika metali safi utakwisha polepole. Alijaribu platini na dhahabu, akaona kwamba uchafu mdogo tu unaharibu kipimo. Akahamia kwenye zebaki, kwa sababu zebaki huweza kukenekwa mara nyingi mpaka ikawa safi kabisa, kisha ikagandishwa ndani ya vijibomba vya kioo.

Tarehe 8 Aprili 1911 Flim alishughulikia mtambo, Dorsman akamsaidia Profesa kupima jotoridi, na kijana Gilles Holst, mwenye umri wa miaka 25, alikaa katika chumba cha giza mbali na kelele za pampu, akisoma galvanomita. Ukinzani wa zebaki ulitoweka. Majaribio ya miezi iliyofuata yalionyesha kwamba haukutoweka polepole kama alivyotegemea Profesa. Kwenye Kelvin 4.2 ulianguka ghafla, kama jiwe linalotupwa kutoka Gangilonga. Metali ya namna hiyo ndiyo iitwayo superkondakta.

Kuna hadithi iliyopendwa sana na walimu, nami nimeisimulia darasani mara nyingi, kwamba jambo hili liligunduliwa kwa sababu kijana mmoja wa koti la buluu alisinzia akaacha mtambo upate joto. Imenibidi niombe radhi kwa wanafunzi wangu wa zamani. Madaftari ya Profesa yamekwisha kuchunguzwa na wataalamu wa kwao, na habari za siku ile hazimo hivyo. Hakuna aliyesinzia.

Lakini kuna jambo jingine lisilo hadithi. Taarifa ya ugunduzi huo ilitoka kwa jina la mtu mmoja tu, Kamerlingh Onnes. Holst, aliyekuwa na jicho kwenye kipimo, hakuwekwa kama mwandishi mwenza. Alishukuriwa ndani ya maandishi, ikaisha. Ndiyo ilikuwa desturi ya maprofesa wa zama zile, na wapo wanaomtetea kwa kusema kwamba mpango, mitambo na swali vyote vilikuwa vyake. Mimi sikubaliani nao kabisa. Mtu aliyejenga shule nzima kwa ajili ya mafundi alijua vema thamani ya msaidizi. Holst hakupotea, mwaka 1914 aliajiriwa na kampuni ya Philips na akawa mkuu wa maabara yake ya utafiti. Lakini nani leo anamjua?

Sisi wa Iringa tuna sababu ya kulisema hili kwa sauti. Hayati Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, kule Tanga, mwaka 1963, alipoona kwamba maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu yaliwahi kuganda kuliko yaliyopoa. Alipokuja Mkwawa, hapa hapa mjini kwetu, alimwuliza swali hilo Daktari Denis Osborne aliyekuwa amekuja kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walicheka. Osborne alikwenda kulijaribu, na taarifa ilipochapishwa mwaka 1969 jina la kijana liliwekwa pamoja na lake. Mabingwa mpaka sasa wanabishana kama jambo lenyewe hutokea siku zote. Jina lakini limebaki, nalo ni la kwetu.

Turudi Leiden. Mwaka 1912 risasi na bati navyo vilionekana kuwa superkondakta, na mwaka 1913 Kamerlingh Onnes akapewa Nishani ya Nobel. Mwaka 1914 alifanya jaribio ambalo mpaka leo hunisisimua. Alizungusha mkondo katika koili ya risasi iliyozamishwa ndani ya heliamu, akaondoa betri, na mkondo ukaendelea kuzunguka saa baada ya saa bila kusukumwa na kitu. Sindano ya dira iliyowekwa kando ilibaki imegeuka. Akaanza kuota ndoto ya sumaku zenye nguvu ajabu zisizotumia umeme. Ndoto hiyo ilivunjika mikononi mwake mwenyewe: aligundua kwamba uga wa sumaku ukizidi kiasi, usuperkondakta hufa. Risasi na bati zilikuwa dhaifu mno.

Dawa ilipatikana katika metali nyingine, na hapa habari inakuja nyumbani. Mwaka 1930, miaka minne baada ya kifo cha Profesa, Walther Meissner wa Berlin alionyesha kwamba niobiamu ni superkondakta, na kwamba niobiamu ikiunganishwa na kaboni, yaani kabaidi ya niobiamu, huanza kazi hiyo katika Kelvin zaidi ya 10. Kabaidi tunayoijua ni ile ya mafundi wa kuchomelea, wanayoitia maji kupata gesi. Hii ni ndugu yake wa mbali, ngumu kupita chuma cha pua, wala haiyeyuki ila kwa joto kubwa mno. Na niobiamu iko katika mawe ya Kilima cha Panda, magharibi ya mji wa Mbeya, ambako utafiti wa madini ulianza tangu miaka ya 1950.

Siku hizi wataalamu hutengeneza kabaidi za niobiamu na molibdenamu katika chembe ndogo zenye upana wa nanomita chache, yaani sehemu chache za milioni moja ya milimita. Mkaa mwepesi wenye vitundu vingi hulowekwa katika chumvi ya metali, kisha hupashwa moto mkali pasipo hewa. Kaboni ya mkaa huungana na metali, na mkaa uliobaki huzitenga chembe zisigandamane. Chembe moja haiwezi kufungwa waya. Kwa hiyo hupimwa kwa sumaku: Meissner na Ochsenfeld walionyesha mwaka 1933 kwamba superkondakta hufukuza uga wa sumaku nje ya mwili wake. Lakini uga huo huingia kidogo kwenye ngozi yake, kwa kina cha nanomita mia hivi. Chembe ya nanomita 10 ni ngozi tupu, na dalili yake huwa hafifu. Tena kabaidi ya niobiamu ikipungukiwa kaboni, Kelvin yake hushuka upesi. Na chembe ikizidi kuwa ndogo, kama alivyoeleza Philip Anderson wa Marekani mwaka 1959, hufika mahali usuperkondakta haukai tena. Vipimo vya Profesa vingali na kazi.

Na ile heliamu iliyomgharimu shehena ya mchanga? Mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba bonde la Rukwa, jirani na Mbeya, lina heliamu nyingi ardhini. Mashine za MRI za hospitali kubwa hutumia koili za niobiamu na titani zilizozamishwa katika heliamu ya majimaji. Mawe Mbeya, gesi Rukwa. Vijana wa kidato cha tano watafute ramani.

Miaka yake ya mwisho Kamerlingh Onnes aliitumia kuongeza baridi zaidi, akafika Kelvin 0.83 mwaka 1922. Heliamu alishindwa kuigandisha. Mwanafunzi na mrithi wake, Keesom, aliiweza mwaka 1926, miezi michache tu baada ya kifo chake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake alijitahidi kupatanisha wanasayansi wa nchi zilizopigana, na kuwasaidia watoto waliokuwa na njaa. Mkewe, Maria Bijleveld, waliyeoana mwaka 1887, alimzalia mtoto mmoja wa kiume, Albert.

Alifariki Leiden tarehe 21 Februari 1926, akiwa na miaka 72. Husimuliwa kwamba ibada ya mazishi ilichukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na makaburini Voorschoten walikuwa wakingojewa, hivyo gari la maiti likalazimika kwenda mbio. Nyuma yake walikuwamo mafundi wake wa miaka yote, Flim na Kesselring, katika makoti meusi na kofia ndefu, wakihema na kutoka jasho. Flim akamwambia mwenzake kwamba ndivyo mzee alivyo, hata amekufa bado anawakimbiza.